Usinunue Kichwa cha Gitaa

(Mhadhara kwa wapigaji, walimu wa kwaya na wazazi, Ngamiani, Tanga)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wa kwaya, vijana wa bendi, na nyie wazazi mliokuja kujua hela zenu zinakwenda wapi, karibuni. Mada niliyopewa ni namna ya kununua gitaa la umeme la bei nafuu. Nitafika huko. Lakini kuna maradhi yanayotutangulia dukani, na nisipoyataja nitakuwa nimewapotezea muda. Kijana anashika gitaa, hajagusa uzi hata mmoja, mwenzake ameshainama kusoma chapa iliyoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Akikuta Fender au Gibson, yale majina makubwa ya Marekani, anaguna kwa heshima. Akikuta jina asilolijua, anasema "la Mchina hili", basi, kesi imefungwa. Na hapo hakuna aliyesikia sauti yoyote bado.

Mimi nasema hivi: kwa pesa tulizonazo, jina ndicho kitu cha mwisho kulipia.

Tuliangalie hilo jina lenyewe. Jina Fender ni la mtu aliyeitwa Leo Fender, na mtu huyo alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938, na kupiga gitaa hakujua. Alipoleta gitaa lake la ubao mzima usio na uwazi ndani mwanzoni mwa miaka ya 1950, shingo, ule mpini mrefu zinakopita nyuzi, aliifunga kwa skrubu, ili ikiharibika ing'olewe, ipachikwe nyingine, mtu aendelee na kazi yake. Akili ya fundi hiyo. Wapo waliolicheka wakisema ni ubao tu. Kwa hiyo gitaa ambalo leo linatumika kudharau mengine, lenyewe lilibuniwa kwa makusudi liwe rahisi kutengeneza na rahisi kurekebisha. Gitaa lake jingine, Stratocaster, likafuata mwaka 1954. Mwaka 1965 mzee akaiuza kampuni kwa CBS, watu wa redio na televisheni, kwa dola milioni 13. Miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1991, alikuwa akitengeneza magitaa yanayoitwa G&L. Sasa wewe unayejivunia jina la Fender, fahamu kwamba mwenye jina aliondoka zamani na kwenda kutengeneza kitu kingine.

Majina huuzwa na kununuliwa kama viwanja. Squier ilikuwa kampuni ya nyuzi huko Michigan. Fender wakainunua mwaka 1965, jina likakaa kabatini, kisha mwaka 1982 likafufuliwa na kubandikwa kwenye magitaa yaliyotengenezwa Japani. Kwa wengi lilikuwa gitaa la asiyeweza kununua Fender lenyewe. Leo yale ya mwanzo yanatafutwa na wakusanyaji, na bei yake imepanda kweli kweli. Epiphone nayo ilikuwa mshindani halisi wa Gibson, hadi Gibson walipoichukua mwaka 1957. Magitaa ya Epiphone ya miaka ya 1960 yalitoka kiwanda kimoja na ya Gibson kule Kalamazoo, Marekani, na Epiphone Casino ndilo walilolipiga Beatles, ile bendi ya Waingereza. Ibanez ni jina la fundi wa Uhispania lililochukuliwa na Wajapani wa Nagoya. Na Cort, kampuni ya Korea Kusini ambayo wengi hapa hamjawahi kuisikia, imetengeneza kwa miaka mingi magitaa yanayotoka na majina ya watu wengine, Ibanez na Squier yakiwamo, katika kiwanda chake cha Indonesia.

Najua kuna mzee atanijibu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee wangu, kwenye magitaa imekuwa kinyume. Majina makubwa ndiyo yanayotembezwa, yana matangazo, yana wasanii wa kuyabeba. Lile lisilo na jina limekaa kimya ukutani Kariakoo, linasubiri mtu wa kulipiga.

Nitoke nje ya mada kidogo. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Unguja hapo ng'ambo, miaka yote aliimba mbele ya gitaa ambalo halikutoka kiwanda chochote. Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alianza kulitengeneza nyumbani na baba yake mwaka 1963. Shingo ni ubao wa meko ya zamani, na springi za kuchezeshea nyuzi ni za vali za pikipiki. Viwanja vilijaa, na lile gitaa liliendelea kupigwa. Na Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, alipanda jukwaani na Danelectro, gitaa ambalo uso na mgongo wake ni ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa, jamii ya ule unaofunikia mgongo wa kabati.

Na hapa kwetu? Tanga hii ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Tanga hii ndiyo iliyoingiza gitaa na besi kwenye taarab, kupitia Black Star na Lucky Star, wakati Unguja bado wanajipanga na fidla zao. Nimekaa sana na wazee wa enzi zile. Watakwambia nani alipiga solo, nani alipiga rithimu, nani alilewa akadondoka jukwaani. Chapa ya gitaa hawaitaji. Vyombo vingi vilikuwa vya bendi. Mpigaji alipewa kilichopo, akakitoa sauti.

Sasa msinisikie vibaya. Kuna magitaa ya bei rahisi ambayo ni takataka, na kuna watu wanaojivunia urahisi vilevile kama wengine wanavyojivunia jina. Hayo nayo ni majivuno. Tujue nini kinaharibika na nini hakiharibiki.

Mwili wa gitaa hausumbui sana siku hizi. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata mbao kwa vipimo vilevile, liwe gitaa la bei ya chini au la juu. Pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ni waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa kwenye sumaku mara 7,000 hadi 8,000 kwa pikapu ya kawaida ya mtindo wa Fender. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Haina siri nyingine. Pikapu ya bei nafuu inaweza kuwa na sauti nzuri kabisa, na ikikukera, fundi anayejua kuchomelea kwa risasi atakubadilishia.

Wanapobana pesa ni kwenye vitu vidogo: jeki, lile tundu la kuchomekea waya, inayolegea, vitufe vya voliumu vinavyokwaruza, vifunguo vya kukazia nyuzi vinavyoteleza, na kile kipande cha juu ya shingo ambacho nyuzi hupita, mifereji yake ikiwa haikuchongwa vizuri. Zaidi ya yote wanabana muda wa fundi. Gitaa la bei ya juu mtu amekaa nalo akalisawazisha. La bei ya chini limetoka kwenye mashine likaingia kwenye boksi. Tofauti kubwa unayoisikia dukani mara nyingi ndiyo hiyo, nayo inalipika hapa hapa mjini kwa fundi mvumilivu. Hewa yetu ya bahari pia haichagui chapa. Nyuzi zinashika kutu kwenye gitaa la jina sawasawa na lisilo na jina, na voliumu zinaanza kukwaruza kote kote.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawawaambii, na hapa ndipo nataka tukae. Majaribio mengi mnayoyaona ya Wazungu wakijaribu magitaa wanapiga roki, sauti imekorogwa, inaunguruma. Muungurumo ule unaficha mengi. Sisi tunapiga sauti safi. Sebene inapanda juu kabisa ya shingo, freti ya 12 kwenda mbele (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), noti moja moja, wazi, na kinanda kiko pembeni ambacho hakitetereki. Gitaa lako likiwa halikusawazishwa, chini litakubaliana na kinanda, juu litagombana nacho, na kila mtu ukumbini atajua, hata asiyejua muziki. Kwa hiyo mpigaji wa dansi au taarab anahitaji usahihi wa shingo kuliko mpigaji wa roki. Jina halikupi usahihi huo. Nimeshika magitaa ya jina kubwa yaliyokaa vibaya kiasi cha kutia huruma.

Basi ukiwa dukani, waache wenzako wasome kichwa, wewe weka jicho upande wa mwili, utazame shingo kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Iwe karibu imenyooka, na upindo mdogo sana. Ikiwa imejipinda kama parafujo, rudisha, hiyo haina dawa ya bei nafuu. Telezesha kiganja pembeni mwa shingo. Freti zikikukwaruza, mbao imekauka ikanywea na kuziacha zimechomoza, na fundi wa kupiga tupa atazimaliza. Pima kwenye freti ya 12: kati ya uzi na freti iwe kama milimita 2. Ikiwa ni 4, vidole vya mwanao vitaacha muziki kabla ya Krismasi. Halafu gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 utoe ile sauti ya filimbi, kisha ubonyeze hapo hapo upige. Sauti zote mbili ziwe moja. Zikitofautiana, kuna skrubu za kurekebisha kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini; mwombe muuzaji bisibisi, arekebishe mbele yako. Mwisho chomeka, zungusha kila kitufe, tikisa jeki.

Tuseme una milioni moja. Nakusihi usiimalizie yote kwenye gitaa. Nusu inatosha. Nyingine inakwenda kwa amplifaya, waya mzuri, nyuzi za akiba, na fundi. Gitaa la umeme bila spika ya maana ni ubao wenye waya. Na hapa angalieni sana amplifaya za mtumba. Za Japani zimetengenezwa kwa volti 100, za Marekani volti 120. Ukutani kwetu kuna volti 230. Ukichomeka moja kwa moja, unasikia "pwaa", harufu, na mazishi. Soma nyuma ya chombo kabla hujalipa. Kama imeandikwa 100, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme, na iwe yenye uwezo wa kutosha, si zile ndogo za chaja.

Faida ya kweli ya jina ipo moja, nisiinyime haki yake: ukitaka kuuza, linauzika upesi. Mwenye shida ya ada mwezi wa kwanza atalipata hilo. Lakini faida hiyo ndiyo iliyowaleta wezi wa majina. Magitaa yaliyobandikwa Gibson ambayo Gibson hawajawahi kuyaona yamejaa. Kidokezo kimoja: kile kifuniko kidogo kilicho kichwani, juu ya chuma cha ndani ya shingo, kwenye Gibson halisi kina skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Mimi afadhali uninunulie gitaa rahisi lenye jina lake la kweli, hata kama jina hilo ni la ajabu. Aliyelitengeneza hilo hakuanza kwa kunidanganya.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mkono pale nyuma... Ndiyo, mzee wangu. Anauliza kama haya yote yanahusu na besi, maana kwaya yao inataka kuanza na besi.

Yanahusu, ila hesabu inabadilika. Uzi mnene kabisa wa besi, ukipigwa bila kubonyezwa, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya gitaa haiwezi kuutoa. Utaichana. Kwa hiyo kwenye besi pesa nyingi zaidi iende kwenye spika, inchi 15 au mbili za 10, na besi yenyewe iwe ya kawaida tu. Shingo muikague mara mbili, kwa sababu ni ndefu na nyuzi zile huivuta kwa nguvu. Na msikubali kuambiwa mpigie kwenye spika za vipaza sauti vya kanisa kwa kuanzia. Mkiziua hizo, mchungaji hatawapa hela ya besi tena. Swali jingine?