Mtoto Kapimwa, na Mama Je?

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo mniruhusu niingie moja kwa moja, maana naona wengine mmekuja na watoto, na joto la Tanga mnalijua.

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi hii miaka 26, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa kliniki ya watoto. Kwa hiyo nataka tuanzie hapo, kwenye ile mizani ya kuning'iniza. Mama anafika asubuhi na mapema, anaweka kadi mezani, anakaa kwenye benchi. Akiitwa anamvua mtoto nguo, anamtia kwenye kile kisuruali cha kupimia, mtoto analia, nesi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Mstari ukipanda: "Vizuri mama, endelea kunyonyesha." Usipopanda: "Huyu unamlisha nini?" Halafu chanjo, tarehe ya kurudi, mwingine aje.

Wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Mara tatu tunamwita huyu mama, naye anakuja, kwa miguu au kwa bodaboda, iwe mvua iwe jua. Wagonjwa wa presha tunawatafuta kwa tochi. Huyu anajileta mwenyewe, anakaa mbele yetu saa mbili, tatu. Na kwa saa zote hizo tunampima mtoto.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma. Miaka mingi iliyopita, katika kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama mmoja na mtoto wake wa wiki 6. Kanga safi, mtoto kapakwa mafuta mpaka kwenye nyayo. Nikamwuliza, "Hujambo mama?" Akasema, "Sijambo." Wiki ya 10 uzito wa mtoto ulikuwa palepale. Nikamsema. Nilimsema kwa sauti, benchi zima linasikia, na nyuma yake wanawake wakaanza kunong'onezana: kambemenda mtoto huyo, yaani kamdhoofisha kwa kulala na mwanamume akiwa ananyonyesha. Alivaa kanga yake taratibu, akafunga ile kona yenye nauli, akaondoka. Wiki ya 14 hakuja. Nilimkuta wodini, kaletwa usiku na shemeji zake, alijaribu kujitoa uhai. Mungu alimnusuru. Asubuhi nilikaa pembeni ya kitanda chake, akaniambia, "Sista, mimi nilikuwa naitimiza kila tarehe. Nilidhani wewe utaniona."

Yule mama yuko hai, na mtoto wake leo ni mtu mzima. Lakini maneno yale sijayatua.

Sasa tulitazame hilo neno "sijambo". Maana yake sina jambo. Salamu zetu ni nzuri, ni heshima, ila zimekuja na majibu yake tayari. Habari? Nzuri. Umeamkaje? Salama. Hata aliyelazwa na dripu mkononi, ukimwuliza hali atakwambia nzuri kwanza, ndipo aeleze homa. Na mzazi aliyejifungua, ambaye kila anayeingia ndani anampa hongera, ataanzaje kusema ana jambo? Atasema sijambo, nawe utaandika nukta yako.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na katika nchi zinazoendelea inafika asilimia 19.8. Chukueni benchi la akina mama kumi. Wawili.

Sizungumzii yale machozi ya siku ya tatu au ya nne. Yale wengi wetu tumeyapata: maziwa yanaingia, kifua kinauma, mtu anakwambia neno dogo unalia. Yanapita yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona inakaa. Moyo mzito asubuhi mpaka usiku, chakula hakipiti, mtoto analia unamsikia kama yuko nyumba ya tatu. Wengine wanaona picha za kutisha kichwani, mtoto ameanguka, mtoto ameungua, basi wanaogopa hata kumwogesha, na hawamwambii mtu kwa kuogopa wataitwa wachawi. Mama anayetishwa na mawazo ya namna hiyo ni mama anayempenda mwanawe na anahitaji kusikilizwa.

Kipo pia kile watu wanachokiita kichaa cha uzazi. Ni wachache, mmoja au wawili katika wazazi 1,000. Hiki hakisubiri. Mama halali kabisa, anaongea na asiyeonekana, anasema huyu mtoto si wangu kabadilishwa. Huyo apelekwe hospitali siku ileile, asiachwe peke yake na mtoto. Dua isomwe, sijamkataza mtu, isomwe njiani. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 199, kile cha mama aliyemuua mtoto wake mchanga, inatambua kwamba akili ya mama inaweza kuvurugika kwa sababu ya uzazi mpaka mtoto anapotimiza miezi 12. Mahakimu wanalisoma hilo baada ya mtoto kufa. Mimi nataka lijulikane kliniki, mtoto akiwa hai.

Nirudi kwenye kubemenda, maana hapa tunawaumiza wanawake sana. Mtoto akikonda, tunasema mama na baba hawakusubiri, au mama ana mwanamume mwingine. Jirani zetu Waganda wana ugonjwa wanaouita amakiro. Mama akichanganyikiwa baada ya kuzaa, inasemwa kulikuwa na uzinzi wakati wa mimba. Daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda miaka ya 1970, akawafuatilia akina mama wa kliniki ya Kasangati nje ya Kampala, akasikia habari za amakiro. Aliporudi kwao aliendelea na jambo hilohilo, na mwaka 1987, yeye na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, wakatoa kule Scotland maswali kumi ya kumwuliza mama aliyejifungua. Ndicho kipimo cha Edinburgh, kinachotumika duniani kote leo. Mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba kabla ya Edinburgh palikuwa na Kasangati.

Tendo la ndoa halimkondeshi mtoto. Mama mwenye sonona hana nguvu ya kumwamsha mtoto anyonye, yeye mwenyewe hali, maziwa yanapungua, mtoto anapungua. Kisha sisi tunamwita malaya. Yule mama wangu wa wiki ya 10 aliondoka kliniki na mzigo mzito kuliko aliokuja nao, na niliyemtwisha ni mimi.

Mama zangu wa Pwani mtaniambia, sisi tuna arobaini. Ni kweli, na ninaipenda. Mzazi anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, hagusi ndoo. Huo ni utunzaji ambao wengine wanaulilia. Lakini hebu tuseme ukweli. Ndani ya zile siku 40 chumba kimejaa watu na hakuna anayemwuliza mzazi kitu zaidi ya "maziwa yanatoka?" Akilia anaambiwa nyamaza, utamharibia mtoto maziwa. Na arobaini ikitoka, bibi anapanda basi anarudi shambani, mume yuko kazini, maji ni ya kuchota, na ndipo wengi wao wanapoanguka. Kwa vijana wetu waliopanga chumba kimoja mjini hata hiyo arobaini haipo. Siku ya tatu yuko kwenye karai la nguo.

Nini kinasaidia? Watu wanadhani mpaka apatikane daktari bingwa. Vijijini Pakistan, karibu na Rawalpindi, waliwafundisha wahudumu wa afya wanawake, watu kama ninyi mliovaa fulana za bluu hapo nyuma, namna ya kumtembelea mama mwenye sonona: kukaa naye, kumsikiliza, kufikiri naye hatua moja ndogo ya wiki hii, kumwingiza mama mkwe na mume kwenye mazungumzo. Walikuwa akina mama 903, na matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Baada ya miezi 6, waliotembelewa hivyo na bado wana sonona walikuwa asilimia 23. Waliotembelewa kwa namna ya kawaida walikuwa asilimia 53. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 na mabenchi nje ya zahanati. Mabibi wanakaa, wanasikiliza. Kwa Kishona wanauita ugonjwa ule kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema ana mawazo. Kazi hiyo imefika hadi Zanzibar, ng'ambo ya maji hapa tu.

Kwa ambao mazungumzo hayatoshi, dawa zipo. Msikubali kuambiwa ni lazima mama aachishe mtoto ziwa. Setralini, kwa mfano, daktari anaweza kumwandikia mama anayenyonyesha.

Akina baba, ninyi nawaomba jambo moja: usiku, mtoto akishanyonya, mchukueni. Saa nne za usingizi mfululizo kwa mama aliyechoka ni matibabu.

Na sisi wauguzi tubadilishe swali. Mimi siku hizi sianzi na hujambo. Namwuliza mama, "Wiki hii umecheka?" Wengine wanacheka hapohapo, basi. Mwingine ananitazama kimya. Nikiona kimya hicho nachukua kadi yake naiweka chini ya zote, ili awe wa mwisho na tupate nafasi. Halafu namwuliza, "Mtoto akilala, wewe usingizi unakuja?" Mchovu atasema, sista, nalala kama gogo. Mwenye sonona mtoto analala, yeye anaangalia dari.

Karatasi za maswali kumi nimekuja nazo, zimetafsiriwa. Nitazigawa sasa tujifunze kuulizana wawili wawili. Asiyesoma asomewe pembeni, asisomewe mbele ya mkwe wake. Swali la kumi linauliza kama katika siku saba zilizopita mama amefikiria kujidhuru. Watu hulirukaruka kwa kuogopa kwamba wakilitaja watampa mama wazo. Hamtampa. Mwulizeni kwa sauti ya kawaida, kisha mnyamaze mpaka ajibu, hata ikichukua dakika nzima.