Chai ya Moto Mkononi: Seli za Ngozi Zinavyojibu Jeraha

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wazazi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni. Wazee wetu wa mstari wa mbele, shikamooni.

Nimepewa mada ya seli na jeraha. Ikifundishwa kwa kufuata kitabu, mada hii humlaza mtu, hasa saa kama hizi. (Kicheko.) Kwa hiyo nitaishikilia kwenye jambo ambalo karibu kila nyumba inalijua: chai ya moto imemwagikia mkono wa mtoto. Chini kidogo ya kiwiko chai ilimgusa ikateremka. Kwenye kifundo cha mkono ilinywewa na sweta, na sweta likakaa na ule moto mpaka mtu alipolivua. Wiki mbili baadaye, chini ya kiwiko pamepona. Kwenye kifundo bado pana kidonda, na daktari anazungumzia kupandikiza ngozi. Chai ni moja na mtoto ni mmoja. Kwa nini seli za hapa zimeweza na za pale zimeshindwa?

Tuiangalie kwanza ngozi yenyewe. Ya mtu mzima ikitandazwa ina eneo la kati ya mita 1.5 na 2 za mraba, na ina ghorofa mbili juu ya tabaka la mafuta. Ghorofa ya juu, epidemisi, ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani: kwenye kope ni kama milimita 0.05, kwenye wayo hufika milimita 1.5. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake huzaliwa kwenye mstari wa chini kabisa, husukumwa juu na wadogo zao wanaozaliwa nyuma yao, hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hupoteza kiini, hufa, na baada ya takriban mwezi mmoja au zaidi hupukutika. Zile zilizokufa za juu kabisa zimelaliana kama makuti ya paa, na katikati yake mna mafuta. Hizo ndizo zinazozuia maji ya mwilini yasitoke. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hutishiwa kwanza na kupotea kwa maji hayo, kabla hata hatujafika kwenye vijidudu.

Kwenye mstari ule wa chini wamo pia melanositi, seli zinazotengeneza rangi. Idadi yake kwa Mzungu na kwa Mwafrika inakaribiana. Tunachotofautiana ni wingi wa rangi inayotengenezwa, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba na namna vinavyosambazwa. Basi lengelenge likibanduka kwa mtu mweusi, rangi inaondoka na ngozi ya juu, na chini panaonekana pekundu. Wazazi wengi hushtuka wakidhani nyama imetoka. Hapana. Pekundu pale, penye unyevu, panapouma ukipagusa, ni habari njema. Hapo unaiona ghorofa ya pili, ikiwa hai.

Ghorofa hiyo ya pili ni dermisi. Humo mna nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi nguvu, nyuzi za elastini zinazoirudisha ikivutwa, mishipa ya damu, ncha za mishipa ya fahamu, na seli ziitwazo faibroblasti ambazo kazi yake ni kuzalisha nyuzi hizo. Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu jibu la swali letu limelala hapa. Mashina ya vinyweleo na tezi za jasho hayaishii ghorofa ya juu. Yanazama ndani ya dermisi, mengine mpaka kwenye mafuta, na kuta zake zimefunikwa na seli za jamii ileile ya ngozi ya juu. Moto unaweza kuunguza epidemisi yote ukaiacha akiba hii chini salama.

Sasa moto. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walipima joto kiasi gani, kwa muda gani, huua ngozi. Maji ya nyuzijoto 44 za Selsiasi yanahitaji takriban saa sita. Ya nyuzi 60, sekunde chache tu. Chai iliyotoka jikoni inazidi hapo kwa mbali, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Kwa hiyo kilichotofautisha kiwiko na kifundo ni muda. Sweta liliongeza sekunde. Uji hufanya hivyohivyo, na mimi uji huuogopa kuliko chai, maana unaganda pale ulipoangukia.

Ndani ya seli joto linafanya nini? Protini hukunjuka zikapoteza umbo, na protini isiyo na umbo haifanyi kazi. Utando wa seli hulegea. Pampu zinazotoa chumvi nje ya seli husimama, chumvi ikaingia, maji yakaifuata, seli ikavimba. Hadi hapo seli bado inaweza kurudi. Ina hata namna ya kujitetea: mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliona kwamba seli za nzi wadogo wa matunda zikipata joto la ghafla huwasha jeni ambazo kwa kawaida zimetulia. Baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini zinazozishika protini nyingine zisiharibike, au kuzikunja upya. Seli zetu zinazo pia. Utando ukipasuka na mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, ikishindwa kabisa kutoa nishati, hakuna kurudi tena. Seli inapasuka, yaliyomo yanamwagika, na majirani wanapata taarifa.

Kuna kifo kingine cha seli ambacho hakina fujo. Seli inajikata vipande vidogo kwa mpangilio, vipande vinaliwa na majirani, hakuna uvimbe. Kerr, Wyllie na Currie walikipa jina la apoptosisi mwaka 1972. Seli ya ngozi ambayo jua limeharibu vibaya jeni zake hujiua hivyo, na ni bora ijiue, kwa sababu ikiendelea kugawanyika na jeni mbovu inaweza kuzaa saratani. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga ya rangi, hivyo uharibifu huo huwafikia mapema sana. Ndiyo maana pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Mada hiyo ingetosha jioni nzima. Nirudi kwenye chai.

Mwaka 1953 daktari wa upasuaji wa Birmingham, Douglas Jackson, aliligawa jeraha la moto katika maeneo matatu. Katikati ni palipokufa, na hapo hatuna la kufanya. Pembezoni kabisa ni pale palipokuwa pekundu tu, patapona penyewe. Kati ya hayo mawili kuna eneo ambalo seli zimeumia lakini hazijafa, na damu inapita kwa shida. Eneo hili la kati linaamuliwa ndani ya siku moja au mbili. Likipata damu na unyevu, linapona. Likikosa, linakufa, na kidonda kilichokuwa cha juujuu siku ya kwanza kinakuwa cha ndani siku ya tatu. Mama anasema, "Daktari, jana kilikuwa kidogo." Hakukosea. Jana kilikuwa kidogo kweli.

Sasa mnaona kwa nini tunasisitiza maji. Maji safi ya bomba, ya baridi ya kawaida, siyo barafu, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Hata ukichelewa, ndani ya saa tatu za mwanzo yanasaidia. Joto linabaki ndani ya ngozi baada ya chai kumwagika, na linaendelea kuua. Vua sweta, vua bangili na pete kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandia ngozini iache. Mtoto mchanga aliyeungua sehemu kubwa mfunike sehemu nyingine asipigwe na baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa kisafi, hata kanga iliyofuliwa, mwende hospitali.

Najua mtaniuliza dawa ya meno. (Kicheko.) Na ute wa yai, na unga wa ngano, na mafuta ya kupikia. Hakuna hata kimoja kinachoondoa joto. Ute wa yai bichi unaweza kubeba bakteria ukawaweka juu ya ngozi isiyo na mlango. Na vyote hivyo nesi atalazimika kuvikwangua ili aone kina cha jeraha, mtoto analia. Asali ina habari yake: iliyosafishwa kitabibu hutumika kufungia vidonda. Lakini haichukui nafasi ya maji.

Tuseme basi jeraha limetulia. Nani anakuja? Damu inaganda kwanza. Ndani ya siku moja zinafika neutrofili, chembe nyeupe za kupambana na bakteria. Nyingi hufa hapohapo, na usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga yao. Siku ya pili na ya tatu wanafika makrofaji, walaji wakubwa. Tabia hii ya kula ilimkaa moyoni Mrusi Élie Metchnikoff mwaka 1882 kule Messina, alipomchoma mwiba kiluwiluwi cha kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, akaona seli zikiuzunguka. Makrofaji hula mizoga, kisha hutoa ishara za kuita faibroblasti na mishipa mipya ya damu. Zile nyama nyekundu zenye chembechembe mnazoziona kwenye kidonda kizuri ndizo hizo.

Na ngozi ya juu? Chini ya kiwiko, akiba kwenye vinyweleo ilikuwa hai. Seli zikapanda kutoka kila shina, zikatambaa pande zote, zikakutana, zikasimama. Mkichunguza kidonda cha namna hiyo mtaona vidoadoa vya rangi vikianza kuzunguka vinyweleo, kwa sababu melanositi nao hutokea humo. Kwenye kifundo, moto ulipita mashina yote. Seli pekee zilizobaki ni za ukingoni, na haziwezi kuvuka uwanja mkubwa kwa wakati. Kidonda kikizidi wiki tatu bila kufunikwa na ngozi mpya, kovu nene linakuja. Ndipo daktari huchota utando mwembamba wa ngozi kwenye paja na kuupanda pale. Paja nalo linapona kwa akiba yake ya vinyweleo.

Kama paja halipo kwa sababu limeungua pia? Mwaka 1975 Rheinwald na Green walifanikiwa kukuza seli za ngozi ya binadamu maabara. Mwaka 1983 watoto wawili ndugu, Marekani, walioungua karibu mwili wote, waliokolewa kwa ngozi iliyokuzwa kutoka kwenye kipande chao wenyewe. Ngozi hiyo haina vinyweleo wala tezi za jasho, na kovu la kawaida vilevile. Kovu halitoi jasho. Nguvu yake hufika takriban asilimia 80 ya ngozi ya awali, haizidi.

Tunapokea maswali. Naam, mama mwenye kitambaa cha buluu.

Anauliza kama ni kweli kidonda kiachwe wazi kipate hewa kikauke. Hapana, mama. George Winter alionyesha mwaka 1962, kwa vidonda vya nguruwe wadogo, kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kilifunikwa na ngozi mpya karibu mara mbili kwa haraka. Seli zinatambaa juu ya unyevu. Penye gaga kavu hulazimika kuchimba njia chini yake.

Kijana pale nyuma. Anauliza kwa nini masikio ya dada yake yalipotobolewa yakaota vinundu vikubwa. Hizo ni keloidi. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha. Keloidi huivuka, na faibroblasti zake haziachi kuzalisha kolajeni. Hutupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi, kwenye masikio, kifua na mabega. Viganjani na nyayoni ni nadra mno. Mwambie asikubali kukatwa tu. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine, kwa mfano sindano za dawa ya steroidi, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa zaidi. Na kama hajatoboa tundu la pili, asitoboe.