Michoro ya Kolo Ina Wenyewe

Ndugu Mwenyekiti, wasomi wenzangu na wananchi wa Dodoma mliofika,

Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, nao wanivumilie tena. Vitabu na makala vinavyotoka siku hizi kuhusu historia na sanaa za nchi yetu ni vingi na vingine ni vizuri, lakini waandishi wake wakifika mikoa ya kati huandika kana kwamba wenye sanaa walikwisha kufa wote.

Chukueni michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Msomaji huelezwa, na kwa haki kabisa, kwamba michoro myekundu ya watu na wanyama ni kazi ya wawindaji wa kale, na ile myeupe ilichorwa baadaye na wakulima. Huelezwa pia jinsi mwanaakiolojia Mary Leakey alivyoinakili mwaka 1951, kisha sura inafungwa. Haelezwi kwamba Mungumi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, bado ni mahali pa tambiko, ambapo mvua zikikawia wazee hupanda na mnyama wa kuchinja na pombe ya nafaka, na pombe hiyo hunyunyizwa mwambani.

Mtaalamu wa hifadhi aliyeketi safu ya mbele tayari ananitazama kwa jicho kali. Pombe inaharibu rangi, sibishi. Lakini mbona hasira hiyo siisomi yanapotajwa mashimo yaliyochimbwa hapo hapo na wasaka hazina inayodaiwa kufichwa na Wajerumani? Mchimbaji hufukua tabaka za udongo ambazo hakuna mwanaakiolojia awezaye kuzirudisha, ilhali mzee wa tambiko ana kila sababu ya kutaka mwamba ubaki salama. Sidai kwamba anajua mchoraji wa kale alikusudia nini. Nadai kwamba matumizi ya mchoro ni sehemu ya historia yake, na anayeyaandika bila kumhoji mzee huyo ameandika nusu.

Muda umenitupa mkono. Nilikusudia kumzungumzia kwa kirefu mshairi Mathias Mnyampala, ambaye hukumbukwa kwa ngonjera tu ilhali historia yake ya Wagogo, aliyoiandika kwa Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1954. Na mwanamuziki Hukwe Zawose, bingwa wa ala za zeze na ilimba, aliyefariki mwaka 2003. Kwa hao, tofauti na wachoraji wa kale, hata kisingizio cha kutojulikana majina hakipo. Maswali sasa, na mtaalamu wa hifadhi apewe kipaza sauti kwanza.