Ng'ombe Mmoja, Ritifaa Tatu

Asanteni, kaeni. Wanaonijua wanajua nitakachosema, na nyinyi mnaocheka pale nyuma mtanivumilia tena.

Kila kikao cha lugha huambiwa Kiswahili kina bahati: hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo kompyuta haikisumbui. Haya, niandikieni ng'ombe. Kibodi imeweka ritifaa, yaani kijiti cha kwenye ng', yenye namba U+0027 katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake: kile kijiti kilichonyooka tulichorithi kwenye ASCII, orodha ya zamani ya herufi za kompyuta. Programu ya kuandikia ikakigeuza kimyakimya kuwa U+2019, kilichopinda. Unicode ina cha tatu, U+02BC, ambacho huhesabiwa herufi, si alama ya uakifishaji. Kwa macho ni ng'ombe mmoja. Kwa kompyuta ni ng'ombe watatu wasiojuana. Mtafute mmoja kwenye kamusi iliyoundwa kizembe, utaambiwa hayupo.

Sasa mchukueni mtu anayeitwa Ng'ang'a. Anajaza fomu mtandaoni: "Herufi hairuhusiwi." Kisa? Katika SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata, kijiti hicho ndicho kinachofunga maneno, na aliyetengeneza fomu, badala ya kujifunza kukipitisha salama, amekipiga marufuku. Mfumo mwingine unakikubali, kisha unajitia kupanga herufi kubwa. Fungueni Python, lugha ya kuandikia programu, mwandike "ng'ang'a".title(). Jibu: Ng'Ang'A. Herufi kubwa tatu! Kila ikiona ritifaa inadhani neno jipya limeanza. Jina linachapwa kwenye risiti hivyohivyo, na mwenyewe anatabasamu kwa kuwa ameshazoea. Mimi sijazoea.

Kuna atakayesema: ondoa ritifaa, andika Nganga, yaishe. Haya bwana. Cheti cha shule kinasema Ng'ang'a, benki inasema Nganga. Siku akiulizwa dirishani athibitishe kuwa hao wawili ni yeye, utakwenda kumtolea ushahidi?

Nilitaka kufika kwenye ĩ na ũ za Gĩkũyũ na Kikamba, na ẹ́ ya Kiyoruba isiyo na namba yake moja, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi: ĩ yaweza kuwa U+0129, au i ikifuatwa na U+0303, na dawa ipo, husawazishwa kwa NFC, kanuni ya Unicode ya kuunganisha herufi na alama yake, kabla ya kulinganisha. Lakini sikieni, NFC haizigusi ritifaa zetu tatu. Inaziacha kama ilivyozikuta. Kwa ng' lazima mtu aandike mwenyewe kanuni ya kuziunganisha, nayo haizidi mstari mmoja.

Nani humu anatengeneza kamusi? Wewe? Usiondoke kabla ya chai.