Nyanya Ametulia

Mhadhara kwa wauguzi wa wodi, Kisumu

Wenzangu, hamjambo. Naanza na neno ambalo sote tumeliandika kwenye faili: "ametulia". Mimi nililiandika zamu tatu juu ya nyanya mmoja aliyeletwa akiwa na homa na udhaifu, katika hospitali niliyofanyia kazi wakati huo. Hakung'oa dripu, hakumsumbua mtu. Uji ulipelekwa, ukarudi vilevile. Siku ya tatu bintiye, mchuuzi wa samaki pale Dunga, alisimama kando ya kitanda akaniambia, "Sista, huyu siye mama yangu. Wiki jana alikuwa ananirekebishia hesabu za omena."

Nilikuwa nimempima joto, presha na sukari, lakini aliyemgundua mama yule ni binti yake. Tulipomchunguza upya tulikuta maambukizi ya mkojo, na mwili umekauka maji.

Nyanya yule alikuwa anaweweseka, yaani akili imevurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa. Kuweweseka kwa kelele kila mtu hukuona. Kuna kuweweseka kwa kimya, na huko ndiko kunakotupita. Huingia kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka: asubuhi mzee anakujibu vizuri, jioni hakujui. Dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huja polepole, kwa miezi na miaka, na mwanzoni mgonjwa huwa macho kabisa. Mwenye dimenshia pia huweweseka upesi kuliko wenzake, kwa hiyo msiridhike mkiambiwa "huyo husahau tangu zamani". Kuweweseka ni dharura. Huku kando ya ziwa fikirieni malaria, kisha nimonia, sukari iliyoshuka, mkojo uliozuilika, choo kilichofunga. Na dawa! Piriton ya mafua au amitriptyline ya usiku zinaweza kumvuruga mzee. Fungueni mfuko wake wa dawa mwone.

Swali langu la kwanza siku hizi ni hili: mara ya mwisho alikuwa mwenyewe lini? Namuuliza anayeishi naye, anayemwona akiwasha moto na kuhesabu kuku. Mtoto aliyefika jana kutoka Nairobi anampenda mzazi wake, lakini hajui alivyokuwa Jumatatu.

Kisha pimeni umakini. Mwambieni ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, kwa lugha anayoiota. Mama wa Seme muulizeni kwa Dholuo. Kabla ya hapo hakikisheni anasikia. Nimewahi kuona nta ya masikio ikiandikwa kuwa kuchanganyikiwa. Tazameni pia kama kila swali anamgeukia bintiye amjibie; mara nyingi hiyo ni njia ya kuficha kumbukumbu iliyopotea.

Kuhusu vipimo vya karatasi vya kupima akili nitasema wazi. Kile maarufu cha mwaka 1975, MMSE, chenye alama 30, kinamtaka mgonjwa asome, aandike sentensi na kunakili mchoro. Nyanya ambaye hakupelekwa shule atakosa alama hizo akili yake ikiwa timamu, na hilo ni kumwonea. Wenzetu wa Hai, Tanzania, walishiriki kujaribu kipimo cha dimenshia kiitwacho IDEA: mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, anataja wanyama, anaeleza daraja ni nini. Kiberiti kipo kila jiko la kijijini.

Na semeni na jamaa kabla hawajaondoka. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani, Kisii, wakituhumiwa uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa. Nasema mzee anayetangatanga usiku na kuongea peke yake anarudi kwenye kijiji chenye hofu hiyo, na akifika, jamaa wawe wamekwisha kusikia kwetu kwamba huu ni ugonjwa, una jina.

Kesho mkikabidhiana zamu, andikeni mlichokiona: saa 2 usiku alitaja jina la mwanawe, saa 6 alishindwa kutaja siku, uji hakuugusa.