Dirisha la Kutokea: Karavani Kuukuu Ufukweni Mikindani

KAKA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mtwara na Lindi. Leo dada yangu amenitaka nieleze kwa nini nimeahirisha kulaza wageni katika karavani kuukuu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ya kukokotwa na gari, niliyoinunua na kuiegesha Mikindani.

DADA: Nilikuuliza, kaka, kwa kuwa nilipoingia niliona mlango mmoja tu, tena ulio kando ya jiko la gesi, ilhali kitanda kiko mwisho kabisa. Jiko likishika moto usiku, mgeni atatokea wapi?

KAKA: Hilo ndilo lililonizuia. Kuta za ndani za karavani nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ni plaiwudi nyembamba iliyopakwa vanishi, na kwa kuwa chumba chenyewe ni kidogo, moshi hukijaza kabla aliyelala hajazinduka vizuri. Viwango vya Marekani vya magari ya aina hiyo, NFPA 1192, hutaka pawe na njia ya pili ya kutokea, yenye nafasi ya kupitisha umbo la duaradufu la inchi 24 kwa 17, yaani takriban sentimita 61 kwa 43.

DADA: Lakini madirisha unayo matano!

KAKA: Manne ni ya luva, kama yale ya nyumba nyingi za zamani hapa mjini. Unazungusha mkono wake, vipande vya vioo vinainuka taratibu, na hata vikifunguka vyote bado vimeikatiza nafasi. Upepo wa bahari unapita, mtu hapiti.

DADA: Nami kwangu nina luva, na nyuma yake nondo. Haya, endelea, usinitie hofu.

KAKA: Dirisha la kutokea huwa na kioo kizima katika fremu yenye bawaba juu, na hufunguliwa kwa vishikio ambavyo kwa kawaida ni vyekundu, bila ufunguo wala kifaa chochote, kisha husukumwa nje.

DADA: Kama lile la tano, pale kitandani.

KAKA: Ndilo, na lilinidanganya. Nilivuta vishikio vikaachia, lakini kioo hakikusogea, kwa sababu mpira wa kuzuia mvua ulikuwa umeng'ang'ania fremu kwa jua na chumvi, na bawaba moja ilikuwa imeshika kutu. Nililibandua kwa bisibisi, mchana kweupe, bila moshi wowote. Tena kabla ya hapo ilinibidi kwanza niung'oe wavu wa mbu, ambao mwenye karavani wa awali aliupigilia misumari kwa ndani.

DADA: Huku kwetu wavu huwezi kuuacha, kaka.

KAKA: Siuachi, nimeutengenezea fremu inayochomoka kwa kuvutwa mara moja. Mpira nimeuosha kwa maji ya sabuni nikaupaka silikoni, wala si oili ya injini, ambayo huharibu mipira mingi. Bawaba nimeweka mpya, za chuma kisichoshika kutu.

DADA: Basi Jumamosi usiku tuzime taa, na mwanangu wa miaka kumi avute vishikio hivyo, si wewe fundi.

KAKA: Nimekubali.

DADA: Na akishindwa?

KAKA: Wageni watalala gesti.