Kompyuta ya Chumba cha Nyuma na Tundu la Ukutani

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Idi, wiki hii niliihamishia kompyuta yangu ya kuhariri video chumba cha nyuma kwa sababu ya joto na kelele zake, nikawa naiendesha nikiwa sebuleni kwa kipakatalishi kupitia waifai. Ukuta ni mmoja tu, lakini kishale cha kipanya kilichelewa waziwazi nyuma ya mkono wangu, na dirisha nililolifungua lilijichora vipande vipande.

IDI: Pole, dada. Natumaini hukukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti.

ZUHURA: Sikununua, na hilo ndilo somo la kwanza kati ya manne niliyoyaandaa leo: data inayotoka chumba kimoja kwenda kingine hupitia kwenye ruta tu, haitoki nje ya nyumba. Kwa hiyo niliipima ruta yenyewe kwa pingi, yaani ujumbe mfupi unaopima muda wa jibu kurudi. Nikiwa karibu nayo, jibu lilirudi kwa milisekunde chache. Nyuma ya ukuta ule wa tofali za saruji na nguzo za nondo, lilikuwa likiruka hadi kupita 100. Nimeamua kuutoboa ukuta nipitishe kebo ya mtandao.

IDI: Kutoboa? Nyumba ni ya kupanga!

ZUHURA: Tundu lenyewe ni dogo, kwa sababu unapitisha kebo isiyo na vichwa, kisha unavibana baadaye. Jambo la kuangaliwa ni nyaya zote nane zilizo ndani yake, maana kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde inazihitaji zote, ilhali megabiti 100 hutumia nne tu. Waya mmoja ukilegea, kasi huweza kushuka bila wewe kuambiwa.

IDI: Mwenye nyumba hatauliza habari za nyaya nane, atauliza habari za ukuta wake. Mimi ningeanza na kile kinachotumwa. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, yenye biti 24 kwa kila nukta, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, inazalisha takribani gigabiti 3 kila sekunde, na kebo yako haiwezi kubeba hata nusu yake. Kinachotuokoa ni ukandamizaji, yaani kuipunguza data ya picha kabla ya kuituma. Wewe unatumia VNC, mfumo wa kuendesha kompyuta kutoka mbali uliozaliwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge miaka ya 1990, ambao msingi wake ni kutuma mistatili ya nukta zilizobadilika. RDP ya leo, mfumo kama huo wa Windows, inaweza kuikandamiza picha kwa kodeki, yaani mbinu ya kukandamiza video, iitwayo H.264, na tangu toleo la 8 la mwaka 2012 inaweza kupita kwenye UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, inayouvumilia vizuri zaidi mtandao unaopoteza pakiti, yaani vipande vya data.

ZUHURA: Ukandamizaji hauondoi kusubiri zamu. Vifaa vya waifai vinavyotumia chaneli moja huzungumza kwa kupokezana, na kompyuta zote mbili zikiwa hewani, kila pakiti inapita hewani mara mbili: kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta. Ukifunga kebo kwenye kompyuta moja tu, safari moja imeondoka.

IDI: Basi ipitishe kebo bapa chini ya mlango.

ZUHURA: Mlango unaofunguliwa kutwa utaikata. Tundu hufanywa mara moja, na siku ya kuhama huzibwa kwa saruji na rangi.

IDI: Na mpangaji asiyeruhusiwa? Huyo ana bendi ya waifai ya gigahezi 5 na kodeki nzuri, na vinamtosha.

ZUHURA: Gigahezi 5 hudhoofika zaidi ukutani kuliko 2.4, nayo 2.4 imejaa majirani, kwani ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ubora wa kodeki hauwezi kurudisha muda uliopotea hewani.

IDI: Nami sikubali kwamba ukuta utobolewe kabla programu haijabadilishwa. Hapo hatutapatana, na mhariri wetu anaonyesha kwamba zimebaki dakika mbili.

ZUHURA: Masomo matatu hayajaguswa, kaka.

IDI: Na hatutayafikia. Nitasema tu kwamba Windows ya toleo la Home haipokei RDP, basi msikilizaji aangalie toleo lake kabla ya kuufuata ushauri wangu.

ZUHURA: Na kabla ya kuufuata wangu, amwombe ruhusa mwenye nyumba. Kwaherini.